Kielelezo Nambari Nne

Mwalimu Ponciano alipitisha kofia ya sufu,
ndani yake vikaratasi ishirini na sita.
Wilfredo akaokota kipindupindu, akashangilia.
Pacha wa Zenteno wakapata surua na matumbwitumbwi,
wakabadilishana, kisha wakabadilishana tena.
Mimi nikakunjua changu: Chagas.
Wale wa nyumba za matofali wakacheka.
Wengine tukatazama madaftari.

Hapa Aiquile hatuuiti kwa jina la daktari.
Twasema tu: amechoka.
Mjomba Eleuterio, mchonga magita madogo ya nyuzi kumi,
alichoka akiwa na miaka arobaini na moja,
gundi mbichi bado vidoleni.

Siku tatu nilishinda maktaba ya manispaa.
Nikanakili kwa wino mwekundu:
mdudu hushuka usiku kutoka nyufa za ukuta wa udongo,
hutafuta uso uliolala,
hunyonya polepole, kama mgeni mwenye adabu,
na kabla ya kuaga, hunya.
Ngozi ikiwasha,
mkono wako mwenyewe ndio unaomfungulia kimelea mlango.
Niliirudia sentensi hiyo.
Mkono wako mwenyewe.
Nikaandika pia kwamba kimelea ana binamu Afrika,
abebwaye na mbung'o.
Yule huleta usingizi.
Huyu wetu huusubiri.

Nilipotaka picha ya kubandika, bibi Saturnina alishangaa.
"Picha ya nini? Lete mshumaa."
Akaishusha kalenda ya ushirika wa maziwa,
akachokoa ufa kwa sindano ya kufumia,
akanitilia ndani ya kiberiti:
mweusi, madoa ya manjano pembeni,
miguu ikikwaruza boksi, krr, krr.
Kisha akaketi kitandani kupumua,
kwa kazi ile tu.

Manila tatu, gundi ya unga, dakika kumi.
Moyo mzima niliuchora kwa kuzungusha kalamu kwenye ngumi yangu,
moyo mgonjwa kwenye kiatu cha baba.
Nikasema: miaka kumi, ishirini, hata thelathini, kimya.
Wilfredo akapiga mwayo.
"Na hiki," nikasema, "ni kielelezo nambari nne,"
nikasukuma kiberiti.

Kitupu.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kupanda dawati.
Wilfredo alivua sweta akalikung'uta, akavua na viatu.
Pacha wakakumbatiana juu ya kabati la hadubini.
Mwalimu mwenyewe alipandisha suruali hadi magotini,
akatembea kwa ncha za vidole,
akituambia tutulie.
Tulipekua mikoba, mapazia, nywele za wenzetu.
Kila uzi ulikuwa na miguu.
Sikuwa nimepanga kusema lolote zaidi,
lakini nilisema:
"Basi hivi ndivyo tunavyolala."

Hakuna aliyecheka.
Mmoja wa wale wa matofali aliinua macho taratibu
akautazama ufa wa dari ya shule,
ambao upo tangu tuanze darasa la kwanza.

Hatukumpata.
Mwalimu alinipa themanini na nane kwa mia:
mbili kwa kupitisha muda,
kumi kwa kupoteza kielelezo.

Kengele ilipolia, wanne walibaki nyuma
wakijifanya kufunga kamba za viatu.
Zahanati hufunguliwa saa ngapi?
Sindano ni nene?
Ni lazima mzazi awepo?
Nilijua majibu yote. Nilikwenda Alhamisi iliyopita.
Karatasi yangu, iliyokunjwa mara nne,
ilikuwa mfukoni wakati wote nikizungumza,
na sikuibandika kwenye manila.
Siku sitini za vidonge, alisema nesi,
kwa umri wako bado vinafaa sana.
Kwa umri wa bibi hakusema kitu, akapanga faili zake.

Jioni nilimkuta amepiga magoti,
chokaa na udongo kwenye sufuria kuukuu,
anaziba ule ufa wa nyuma ya kalenda.
Hakuuliza nimepata alama ngapi.
Alipaka konzi moja, akapumzika.
Konzi moja, akapumzika.
Nikakunja mikono ya shati.